Maswali yenu: Taa za nje za trela la kempingi, uziwashe vipi usiku ukiwa pwani

Mwezi huu meseji karibu zote zinauliza kitu kimoja, taa za nje za trela la kempingi. Watu wengi saivi wananunua haya matrela ya mtumba, wanafunga nyuma ya Prado au Land Cruiser wanashuka nayo Kigombe, Pangani, Ushongo, wengine Bagamoyo, na usiku ukiingia ndo maswali yanaanza. Nimechagua barua chache, zile zilizofanana nimeziunganisha. Majibu mengine ni marefu maana jambo lenyewe ni refu, mnivumilie.

Shikamoo fundi. Mi na mume wangu tumenunua trela lililotoka Afrika Kusini, lina taa ndefu ya LED ubavuni chini ya lile turubai la kivuli, na nyingine mbili kwenye kona za nyuma, zote nyeupe kali. Tulienda kulala Kigombe baada ya mvua, wadudu wakajaa mpaka kwenye sahani, na siku ya pili mtoto akatoka malengelenge shingoni kama ameungua. Mume wangu anasema tuongeze taa nyingine mbali ili wadudu waende kule, mi nasema tuzime zote. Nani yuko sawa? (Mama wa watoto wawili, Raskazone)

Marhaba mama. Tuanze na mtoto kwanza. Malengelenge ya namna hiyo, yanayokuja siku moja au mbili baada ya kukaa chini ya taa kali kipindi cha mvua, mara nyingi yanatokana na kile kidudu chembamba chenye rangi nyekundu na nyeusi ambacho wengi wanakiita Nairobi flai. Hakiumi wala hakina mwiba, shida ni pale kikitua shingoni ukakipiga kofi au ukakisugua, maji yake yana sumu inaitwa pederini na hiyo ndo inaunguza ngozi. Kwahiyo ukikiona mwilini kipulize kiondoke, usikiponde, na kama umeshakiponda nawa hapohapo kwa sabuni na maji mengi na usishike macho. Ikiwa malengelenge yako karibu na jicho mpeleke mtoto hospitali usisubiri. Mfundishe pia na mtoto mwenyewe, maana mkono wa mtoto ndo wa kwanza kupiga.

Sasa taa. Wadudu wengi wa usiku macho yao yanaona vizuri sana mwanga wa bluu na ule wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni kabisa, na taa nyeupe ya ubaridi ina bluu nyingi. Wewe wa Raskazone hili halihitaji maelezo mengi, umekua unawaona wavuvi wa dagaa wanavyowasha karabai na siku hizi LED juu ya maji usiku wa giza, samaki wanakuja wenyewe. Trela lako linafanya kazi hiyohiyo nchi kavu, tofauti ni kwamba wewe hukuwa unavua. Na ikiwa ni msimu wa kumbikumbi ndo kabisa, watamaliza mabawa yote kwenye mchuzi wako.

Angalia kwenye boksi la taa au kwenye stripu yenyewe, yaani ule utepe wa taa, kuna namba yenye herufi K. 6000K au 6500K ni ile nyeupe inayoelekea bluu, 2700K au 3000K ni ya njano ya joto, na zipo ambazo ni rangi ya kaharabu kabisa, yaani chungwa iliyoiva. Badilisha hiyo ya chini ya turubai iwe ya kaharabu au angalau 2700K, alafu ishushe. Wengi wanafunga juu kabisa kwenye ukingo wa paa kwa sababu ndo ilivyokuja toka kiwandani, ila taa ikiwa juu inaonekana na kila mdudu wa kitongoji kizima na kila jirani. Ikiwa usawa wa kiuno, imeangalia chini, unaona meza, unaona miguu yako, unaona kama kuna nge, na huko mbali hakuna anayejua kama upo. Kula hakuhitaji mwanga mwingi, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 au 200 zinatosha familia nzima. Kama unaweza tafuta na dima, ile swichi ya kuzungusha inayopunguza mwanga, ni kitu cha bei ndogo na utakitumia kila usiku.

Mume wako hajakosea sana, taa nyeupe ikiwekwa mbali na nyie mkikaa kwenye mwanga hafifu wa njano ni kweli wadudu wengi wataenda kule. Lakini inakula betri, inamulika majirani, na ukiwa pwani ina ubaya mwingine ambao nimeueleza kwenye swali la kasa hapo chini. Kwahiyo mi niko upande wako kwa sehemu kubwa, zima zile za kona, bakiza moja ya chini ya turubai.

Ila mbu usiwaweke kundi moja na hao wadudu wengine. Mbu anamfuata mtu kwa pumzi yake, joto lake na harufu ya mwili, taa sio kinachomwita. Unaweza kukaa giza totoro akakung'ata vilevile, na mbu wa malaria ndo kazi yake usiku, hasa usiku wa manane watu mmelala. Chandarua kiwe kizima, kichomekwe chini ya godoro, na jioni paka dawa watoto wavae mikono mirefu. Kubadilisha rangi ya taa kutakusaidia kwenye sahani, kwenye malaria hapana.

Fundi mambo vipi. Nina betri ya 100Ah ya kawaida ya asidi, mpya kabisa, na paneli ya sola ya wati 100. Taa za nje nimefunga stripu ya mita 5 na flaladi (taa kali za kumulika mbali) mbili za wati 20 kila moja, zote za volti 12. Nikiwasha saa kumi na mbili na nusu jioni ikifika usiku wa manane zinafifia, friji nayo inazima. Fundi wa betri aliyeniuzia anasema betri iko sawa, mi naona ameniuzia mbovu. (Msomaji, Muheza)

Poa kaka. Kabla hujamgombeza mwenzio chukua kalamu tupige hesabu, maana hesabu ya taa ni nyepesi, wati gawanya kwa volti unapata ampia, ampia zidisha kwa saa unapata kilichotoka kwenye betri, ndo hiyo inayoandikwa Ah.

Hizo stripu za mita 5 zenye mwanga mkali, zile za chipu kubwa, kwa kawaida zinakula wati 14.4 kwa kila mita, kwahiyo mita 5 ni wati 72, gawanya kwa 12 ni ampia 6. Flaladi mbili ni wati 40, hiyo ni ampia 3.3 hivi. Jumla unavuta ampia 9.3 kila saa. Toka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa sita usiku ni saa tano na nusu, zidisha, inakuja kama 51Ah. Na betri ya asidi hata iandikwe 100Ah nusu tu ndo ya kutumia, ukiishusha chini ya hapo mara kwa mara inakufa mapema sana. Yaani taa peke yake zimemaliza haki yote ya betri na friji hujaigusa. Betri sio mbovu ndugu yangu, taa ni nyingi.

Kuna jambo moja watu wanalisahau wakisoma ushauri wa watu wa Ulaya au Australia. Wale wanapiga kambi zaidi wakati wa kiangazi chao, jua linachelewa kuzama sana, usiku ni mfupi. Sisi huku karibu na ikweta giza linaingia saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, mapema kidogo au kuchelewa kidogo, na linakaa karibu saa 12. Kwahiyo betri ambayo mwenzako inamtosha kule, wewe huku inakuacha njiani. Na hiyo paneli ya wati 100 siku ya jua zuri inakurudishia kama 25 mpaka 30Ah, wakati wa masika wingu limetanda hata nusu ya hapo inaweza isifike.

Fanya hivi. Ng'oa hiyo stripu weka ya wati 4.8 kwa mita, na usiweke mita 5, kata mita 2 zinatosha chini ya turubai. Hapo ni wati 9.6, ampia 0.8. Ukiwasha kwa saa nne nzima imekula 3.2Ah, friji inabaki na chakula chake. Flaladi ziwe na swichi yake peke yake na ziwe za dharura tu, unatafuta kigingi cha hema kimepotea, unabadilisha tairi, unawasha dakika tano unazima. Nunua na mita ndogo ya volti uibandike mahali unapoiona. Betri iliyopumzika, haina mzigo wowote, ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 uko nusu, hapo zima vitu ukalale.

Waya nao uangalie. Umesema zinafifia na mara nyingi mtu analaumu betri kumbe waya ni mwembamba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, ukienda mita 10 na kurudi mita 10, ukivuta ampia 6 unapoteza karibu volti 3 njiani, taa inapata 9, lazima ififie. Ukitumia wa 2.5 unapoteza chini ya volti moja. Na hapo kwenye betri, upande wa chanya, weka fyuzi karibu kabisa na betri, sio kule kwenye taa. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichunika kwenye chesisi ya trela kati ya betri na fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka moto, na nyie mmelala juu yake. Kwa waya wa 2.5 na taa za hivi fyuzi ya ampia 10 inatosha.

Alafu ukishafika kambini chomoa ile plagi ya pini saba inayounganisha trela na gari. Nimeona watu wanatumia paking za trela kama taa za kambi, zile zinakula betri ya gari sio ya trela, asubuhi gari haliwaki na upo porini.

Mimi nina malalamiko. Tulikuwa Ushongo na familia, trela tumeliegesha pazuri tunaona bahari, taa zetu tumewasha, akaja kijana wa pale kijijini akatuomba kwa adabu tuzime au tugeuze kwa sababu ya kasa. Tulizima ila sikupendezwa. Taa moja ya trela inamdhuru kasa gani, wakati kuna nyumba na hoteli zina taa kubwa kuliko zetu? (Baba wa familia, Chumbageni)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kuandika ukiwa na hasira hivohivo, maana wengi wanazo ila hawaandiki. Naomba nikuambie kwa nini yule kijana alikuwa sahihi, na kwa kweli ningependa kila mwenye trela anayeshuka pwani hii asome jibu hili hata kama hayo mengine atayaruka.

Kasa jike anapanda ufukweni usiku kutaga, na anachagua pwani yenye giza na utulivu. Akitoa kichwa majini akaona taa kali au watu wanatembeatembea na tochi, anageuza anarudi baharini bila kutaga. Anaweza kujaribu usiku mwingine au mahali pengine, lakini kila akirudi amepoteza nguvu, na kile anachobeba hawezi kukibeba siku zote. Huyo ni mama. Watoto ndo mbaya zaidi. Kiota kimoja cha kasa kina mayai zaidi ya 100 mara nyingi, yanakaa mchangani karibu miezi miwili, alafu vitoto vinatoka pamoja usiku mchanga ukishapoa. Havina mama wa kuvionyesha njia. Vinachojua ni kimoja tu, kwenda kule chini kwenye upeo kuliko na mwanga zaidi, na kukimbia kiza kirefu cha miti. Kwa maelfu ya miaka upeo wenye mwanga ulikuwa bahari, maji yanaakisi mwezi na nyota, na nyuma kuna kivuli cheusi cha mivinje na minazi. Sasa wewe umeegesha trela mbele ya miti, umewasha taa nyeupe. Vitoto vinageuka vinakuja kwako. Vinaliwa na kaa, na mbwa, vingine vinazunguka mpaka jua linatoka linavikausha. Na moto wa kambi vilevile, vitoto vya kasa vinaufuata mpaka vinaingia humo.

Alafu Ushongo sio ufuko wowote tu. Pale mbele yake kuna kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na mivinje na sasa ni fungu la mchanga mtupu linalofunikwa na maji ya bamvua. Kasa bado wanaenda kutaga pale kama walivyozoea wao, na kwa kuwa maji yangeozesha mayai, viota vinahamishiwa nchi kavu Ushongo. Watu wanayabeba mayai kwa mikono, wanafukia upya, wanalinda usiku na mchana wiki nane. Shirika la Sea Sense limefanya kazi hiyo na vijiji vya pwani kwa miaka mingi, na vijana wa vijijini ndo walinzi wenyewe wa viota. Pengine kijana aliyekuja kwako ni mmoja wao, na pengine kiota anachokihesabia siku kilikuwa hatua chache toka kwenye tairi lako. Kasa wa kawaida wa pwani yetu anaweza kuchukua miaka 25 au zaidi mpaka aanze kutaga, kwahiyo kitoto kilichopotelea kwenye taa leo ni mama ambaye hatarudi kwenye pwani ya wajukuu zako.

Kuhusu nyumba na hoteli, uko sahihi kwamba taa zao ni kubwa, na wao pia wanatakiwa wazifunike na wazigeuze. Lakini nyumba iko nyuma, imesimama palepale, walinzi wanajua ilipo na wanapochagua pa kufukia viota wanaizingatia. Trela linakuja leo, kesho halipo, na linaweza kusimama juu ya mchanga wenyewe. Ndo maana taa ndogo ya trela inaweza kuwa mbaya kuliko kubwa ya mbali.

Kule Florida, Marekani, ambako kasa wanataga kwa wingi sana, wameyafupisha mambo haya kwa masharti matatu kwa taa za ufukweni: iwe chini, ifunikwe isionekane toka mchangani, na iwe ya mawimbi marefu, maana yake nanomita 560 kwenda juu, kaharabu au nyekundu. Kwa trela fanya hivi. Egesha nyuma ya mstari wa miti, sio mbele yake, na kamwe usiingize tairi kwenye mchanga wa juu ya alama ya maji kujaa, hapohapo ndo viota vilipo. Geuza upande wa turubai uangalie bara, trela lenyewe liwe ukuta kati ya taa na bahari. Tumia kaharabu au nyekundu, chini, na mkishamaliza kula zima. Funga pazia za madirisha yanayoangalia bahari, maana taa ya ndani nayo inatoka. Kama unahitaji kwenda chooni, tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, imulike miguu. Nyekundu ina faida nyingine, haiharibu macho yako kwenye giza, ukiizima bado unaona.

Kitu kimoja cha kuangalia hapo. Nyekundu isiangalie baharini. Vyombo vya majini vinatumia nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia, na nahodha anayerudi usiku anatafuta mlango wa kupita kwenye miamba, taa nyekundu ya juu ufukweni inaweza kumchanganya, na nyeupe kali inampofusha kabisa. Ikiwa chini na imefunikwa hatoiona, na kasa hatoiona.

Ukikuta vitoto vimeshapotea vinakuja kambini, zima kila kitu kwanza, taa, simu, gari, zuia watoto wasikanyage, alafu mwite mlinzi wa kijiji. Usipige picha na flashi. Na kasa wanalindwa na sheria Tanzania, yeye na mayai yake, kwahiyo usiruhusu mtu akuuzie.

Ningefurahi sana ukirudi Ushongo umtafute yule kijana. Muombe akuambie kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa lini, wageni huwa wanaruhusiwa kuona wakiwa na mlinzi. Nenda na wajukuu.

Fundi, naweza kuendesha usiku na zile taa za pembeni za trela zimewaka? Zinapendeza barabarani. (Kijana wa Pongwe)

Hapana mdogo wangu, zima. Mtu aliye nyuma yako au anayetokea mbele anasoma gari kwa rangi za taa, nyekundu ni nyuma, nyeupe ni mbele. Taa nyeupe ikiangalia nyuma atadhani gari linamjia, na ya pembeni inaficha indikata zako usiku, mtu hajui unakata kona. Barabara ya kutoka Segera mpaka Tanga ina malori usiku kucha, sio mahali pa kumchanganya dereva. Trela liwe na taa nyekundu nyuma, breki, indikata, rifrekta safi zisizo na matope, na kabla hujaondoka mtu mmoja asimame nyuma mwingine akanyage na kuwasha moja moja. Swichi ya taa za kambi iwe mahali ambapo haiwezi kujiwasha kwa mtikisiko.

Assalaam alaykum. Mimi na wadogo zangu, wote wanawake, tunapenda kwenda Bagamoyo na trela wikiendi. Tumeambiwa tufunge taa kali kuzunguka trela lote na ziwake usiku kucha kwa usalama. Wengine wanasema tufunge za sensa. Unashauri nini? (Dada msomaji)

Waalaykum salaam dada yangu. Usalama wenu ni jambo kubwa na silichukulii kirahisi, na ndo maana nasema taa kali ya kuwaka usiku kucha sio ulinzi mzuri kama inavyodhaniwa. Jicho la mtu linachukua kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri. Mkikaa ndani ya duara la mwanga mkali nyie hamuoni chochote nje ya hilo duara, lakini aliye nje anawaona nyote, anahesabu mko wangapi, anaona simu iko wapi.

Ninachoshauri ni kugeuza mpango huo. Taa za nje za pande zote nne ziwepo, ila swichi iwe ndani, karibu na kitanda, moja inayowasha zote kwa pamoja. Usiku mnalala kukiwa giza. Mkisikia kitu, mnabaki ndani gizani mmefunga mlango, mnawasha. Hapo nje kote kunakuwa mchana na nyie hamuonekani, mnachungulia kwa utulivu. Mtu mwenye nia mbaya taa ikimuwakia ghafla anajua ameonekana, na taa iliyowaka tangu jioni alishaizoea zamani.

Sensa ni nzuri ukiiweka sawa. Ishushe kipimo isome mita tatu au nne tu, na iwake dakika moja. Ukiiacha kama ilivyotoka dukani kila paka, kila kuti la mnazi likipepea upepo wa kusi, taa inawaka, usiku mzima hamlali, na siku ya tatu mtaacha kuamka hata ikiwaka kwa sababu ya kweli. Na ikiwa ni ufukweni msiiweke upande wa bahari, sababu mmeshasoma juu.

Ila nikwambie ukweli dada, taa ni kitu cha tatu. Cha kwanza ni mahali, laleni penye uzio na askari anayejulikana, sio ufukweni peke yenu hata kama pamependeza. Cha pili ni watu. Mkifika mpiteni mwenyekiti wa mtaa au mjumbe mkamsalimie, mseme mpo wangapi na mnaondoka lini, mnunue samaki pale, mjulikane. Mgeni aliyepiga hodi analindwa na mtaa mzima.

Tunaenda Saadani kulala kambi ya ufukweni. Taa za trela zinafukuza simba na tembo? (Msomaji, Ngamiani)

Msizitegemee. Taa sio uzio, mnyama aliyezoea kambi anaipita. Kazi ya taa pale ni nyie kuona kabla hamjatoka: fungua mlango kidogo, mulika pande zote na tochi kali taratibu, ukiona macho yanang'aa rudi ndani. Kiboko anatoka majini usiku kula majani na ukisimama kati yake na maji hana huruma. Chakula kifungiwe ndani ya gari, taka zisibaki nje, haja ndogo ya usiku wekeni ndoo ndani, na askari wa hifadhi akisema jambo fuateni lake hata kama linapingana na langu. Na Saadani nayo ina fukwe za kasa, Madete ni mojawapo, kwahiyo yote niliyomwambia mzee wa Chumbageni yanawahusu.

Kambi tunayoenda inatoa umeme wa kawaida. Naweza kuchomeka zile taa za mapambo za nyumbani nikazungushia trela? (Mama, Makorora)

Za nyumbani hapana, mama. Huo ni umeme wa volti 230, mchanga una unyevu, watoto wako peku, na waya wa taa za mapambo ni mwembamba, ukikanyagwa au kubanwa na mlango unachubuka. Nunua za volti 12 au za sola, mwanga uleule na mtoto akigusa hadhuriki. Umeme wa kambi utumie kwa chaja ya betri tu, kwa waya mnene wa nje, na uliza kama wana ile swichi kinga ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Kama hawana, au hawaelewi unauliza nini, usichomeke.

Kila baada ya miezi michache taa za nje zinakufa, nikifungua nakuta unga wa kijani kwenye waya. Nakaa karibu na bahari. (Msomaji, Sahare)

Hiyo ni chumvi, na kwa mtu wa Sahare haikwepeki, inacheleweshwa. Kwanza nunua taa zilizoandikwa IP67, hizo zinavumilia hata kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa, IP65 inavumilia kumwagiwa maji tu. Lakini taa nyingi hazifi zenyewe, kinachokufa ni kiungo. Kupotosha waya na kuzungushia utepe mweusi kwa pwani ni kazi ya miezi miwili. Ukiunga, chomelea kwa risasi au bana kwa kiunganishi, alafu vuta juu yake ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto, aina yenye gundi ndani. Kama fundi wako anaweza kupata waya wa shaba uliopakwa bati, ule wa boti, lipia hiyo tofauti ya bei.

Tundu la waya kuingia kwenye taa liwe chini, sio juu, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke. Ziba na silikoni. Ukirudi safari osha taa na viungo kwa maji baridi ya bomba, yakauke, kisha paka grisi kidogo kwenye pini za plagi ya gari na kwenye vichwa vya betri. Hizo ulizonazo zenye unga wa kijani usizitupe bado. Kata waya mpaka ukute shaba inayong'aa, unga upya, jaribu. Ikiwaka, ilikuwa nzima siku zote.